Kukagua ubapa wa uso na kasoro zake: fila geji, wino wa bluu, kioo, CMM au kamera?

Uso wa chuma uliochongwa huulizwa maswali mawili tofauti, na karakana nyingi hununua kifaa cha swali moja zikidhani zimemaliza yote. Swali la kwanza ni la umbo: uso huu ni bapa kiasi gani, au umepinda, umebonyea katikati, umeinuka pembeni? La pili ni la uzima: kuna ufa, tundu la hewa, mkwaruzo, doa? Silinda hedi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda za injini, inaweza kupita kipimo cha ubapa bila shida na bado ikawa na ufa kati ya vali mbili. Nyingine haina hata mkwaruzo, ila imepinda kiasi cha kuunguza gasketi mpya mapema sana. Katika vifaa vyote nitakavyovitaja hapa hakuna hata kimoja kinachojibu maswali yote mawili vizuri, hata vile vinavyouzwa kwa bei ya nyumba.

Nitaitumia hedi kama mfano mara kwa mara, kwa sababu ndiyo kazi inayoingia kila siku kwenye karakana za mashine, kuanzia Gerezani ya Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road ya Nairobi. Pale inapohitajika kipimo kikali zaidi nitahamia kwenye sili za pampu, zile sura mbili zinazosuguana kuzuia pampu isivuje.

## Soma namba kabla ya kufungua pochi

Kwenye mchoro wa kiufundi ubapa una alama yake, msambamba mdogo, na mbele yake huandikwa namba. Kwa mujibu wa kiwango cha ISO 1101, namba hiyo ni umbali kati ya bapa mbili za kufikirika zilizo sambamba, na uso wote lazima uenee kati ya hizo mbili. Ikiandikwa 0.05, basi kuanzia bonde la chini kabisa hadi kilima cha juu kabisa pasizidi milimita 0.05, ambayo ni kama nusu ya unene wa karatasi ya A4 ya kawaida. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu kama uso wa juu uko sambamba na wa chini. Hilo lina alama yake nyingine. Nalitaja mapema kwa sababu ndipo kosa kubwa la daya geji (saa ya kupimia yenye ncha inayogusa uso) linapozaliwa, na tutalifikia.

Kwa hedi nyingi za magari madogo, kiwango cha mwisho anachoruhusu mtengenezaji huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10. Za dizeli hutofautiana, na kitabu cha injini ndicho kinachoamua, si mazoea ya fundi. Sili ya pampu ni dunia nyingine: hapo tunazungumzia chini ya mikroni moja, na mikroni elfu moja ndizo zinazotimiza milimita.

Desturi ya wapimaji ni kwamba kifaa kiweze kuona sehemu ya kumi ya kile unachoruhusu. Mambo yakibana, angalau sehemu ya nne. Hedi ya 0.05 kwa hesabu hiyo inataka kifaa kinachoaminika hadi 0.005. Fila geji, seti ya majani membamba ya chuma yenye unene unaojulikana, haifiki hapo. Hata hivyo naitetea.

## Rula nyoofu na fila geji

Utetezi wangu ni huu: fila geji haikupi kipimo, inakupa jibu la ndiyo au hapana. Kama kikomo ni 0.05, unachukua jani la 0.05 na kuuliza kama linapita. Likipita, hedi haifai. Hakuna namba ya kubishaniwa.

Kazi yenyewe ikifanywa sawasawa inaonekana hivi. Uso umesafishwa hadi mabaki yote ya gasketi yametoka, na hedi imepoa kabisa. Haijatoka kuoshwa kwa maji ya moto. Rula inalazwa kwa ukingo wake kwenye mistari sita: pande mbili ndefu, ncha mbili fupi, na pembe kwa pembe mara mbili. Fundi anaibonyeza rula kwa vidole viwili tu, kwa sababu akiikandamiza atainyoosha iendane na hedi. Kisha anapitisha jani chini yake, hatua kwa hatua. Hedi ya alumini iliyowahi kuchemsha mara nyingi huonyesha pengo sehemu ya katikati, kati ya silinda za ndani.

"Bosi, shika hii uingize mwenyewe," fundi anamwambia mwenye gari, akimkabidhi jani la 0.10. Mwenye gari analisukuma, linapita chini ya rula kama vile hakuna kitu. "Sasa hata nikikuwekea gasketi ya bei gani, maji yatapata njia." Hakuna mashine ya kisasa inayomaliza mabishano na mteja haraka namna hiyo.

Udhaifu wake upo. Kwanza, unakagua mistari, huukagui uso. Bonde dogo lililokaa nje ya mistari yako sita litakupita. Pili, rula. Rula ya kuchorea inayouzwa dukani pamoja na penseli si rula nyoofu, hata iwe ya chuma cha pua. Rula nyoofu ya karakana ni nzito, imesagwa ukingo, na haining'inizwi ukutani kwa msumari pamoja na spana. Ukiitilia shaka, ilaze juu ya bamba la graniti na ujaribu jani jembamba kuliko yote ulilonalo chini yake. Tatu, mkono: jani la 0.05 likishapindwa mara kadhaa hupata mikunjo na kuanza kujifanya la 0.07.

Kuna namna ya zamani ya kuikaza njia hii bila kuongeza gharama. Weka taa nyuma ya rula yenye ukingo mkali uchungulie upande wa pili. Jicho la kawaida huona mwanga ukipenya kwenye pengo la mikroni chache, yaani pengo ambalo hakuna jani la fila geji litakaloliingia. Hutajua ni mikroni ngapi, lakini utajua kwamba lipo na liko wapi.

## Wino wa bluu

Hapa unahitaji bamba la kupimia, la chuma cha kusubu au la graniti, ambalo ubapa wake unajulikana. Unapaka bluu ya Prashia juu ya bamba, nyembamba sana, unalaza kipande chako, unakisogeza kidogo, unakiinua. Palipoguswa pana bluu. Palipobonyea panabaki palivyo.

Faida yake ni kwamba unauona uso mzima kwa mara moja, na unaonyeshwa wapi pa kupara, yaani kukwangua chuma kidogo kidogo. Kwa fundi anayepara meza za mashine za kuchonga au vitako vya beringi hakuna mbadala wa maana. Anahesabu madoa ya mguso ndani ya inchi moja ya mraba na kuendelea hadi yatosheke. Hasara ni kwamba bluu inakuambia wapi, haikuambii kiasi gani. Na bluu ikipakwa nene inadanganya: hufika hadi kwenye mabonde na kukuonyesha mguso usiokuwepo. Ukiona kipande kimetoka na bluu kila mahali mara ya kwanza, futa, paka upya kwa kitambaa, jaribu tena kabla hujafurahi.

Njia hii ina historia inayofaa kujulikana, kwa sababu inaeleza kwa nini bamba lenyewe linaaminika. Mwaka 1840 Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay mjini London, alieleza mbele ya wanasayansi waliokutana Glasgow jinsi ya kutengeneza uso bapa bila kuwa na uso bapa mwingine wa kuigiza. Siri ni kutumia mabamba matatu. Mawili yakisuguliwa yenyewe kwa yenyewe yanaweza kukutana barabara huku moja limebonyea na jingine limevimba. La tatu likiingia na kila moja kulinganishwa na wenzake wote, udanganyifu hauwezekani: matatu hukubaliana pale tu yote yanapokuwa bapa. Somo hilo bado linafanya kazi karakanani. Hedi na bloku zikikutana vizuri kwa wino haimaanishi zote mbili ni bapa.

Chuma au graniti? Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam silipi swali hili muda mrefu. Hewa ya chumvi hula chuma, na bamba la chuma lisilopakwa mafuta kila jioni litaota kutu. Graniti haishiki kutu. Tena ikigongwa humeguka na kuacha shimo dogo lisilodhuru, ambapo chuma kikigongwa huinua kinundu kinachonyanyua kila unachokilaza juu yake. Chuma kinabaki na faida kwa anayepara kwa wino kila siku na kwa anayetaka kushikiza vifaa vya sumaku. Kiwango cha ISO 8512 kina sehemu mbili, ya kwanza kwa mabamba ya chuma na ya pili kwa graniti, na madaraja ya ubora ni kuanzia 0 hadi 3, ambapo 0 ndilo kali zaidi. Karakana ya hedi haina haja ya daraja la 0.

## Daya geji juu ya bamba

Hii ndiyo njia inayotumiwa vibaya kuliko zote, na mara nyingi na watu wenye vyeti. Mtu analaza kipande juu ya bamba, anasimamisha daya geji kwenye stendi, anapitisha ncha yake juu ya uso, anasoma tofauti kati ya juu na chini, anaandika "ubapa". Alichopima ni usambamba wa uso wa juu na wa chini, pamoja na makosa ya ule wa chini. Kipande chenye umbo la kabari kilicho bapa kabisa juu kitahukumiwa bure.

Namna sahihi ni kukiweka kipande juu ya jeki tatu ndogo za skrubu, halafu kuzirekebisha hadi geji isome sifuri kwenye nukta tatu zilizo mbali mbali juu ya uso. Hapo umeondoa mwinamo. Kinachobaki ukipitisha geji ni umbo la uso wenyewe. Inachukua dakika kumi na kitu mara ya kwanza na mikono ikizoea hupungua.

Kwa kipimo cha mia ya milimita daya geji ya kawaida inatosha, na geji za mkono mdogo wa kuinama hushuka hadi mikroni mbili au moja. Unapata namba, unaiandika, mteja anaweza kuipinga au kuikubali. Kama ningeambiwa nichague kifaa kimoja cha umbo kwa kiwanda kidogo kinachotengeneza vipande kwa oda, ningechukua bamba la graniti, jeki tatu na geji nzuri, na kuacha vyote vingine.

Joto lina mchango wake, ila watu huliogopa upande usio wake. Vipimo vya urefu duniani husomwa kwa nyuzijoto 20 za Selsiasi. Alumini hurefuka karibu mikroni 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, chuma karibu nusu ya hapo. Hedi ya nusu mita ikipimwa kwenye nyuzi 32 itakuwa imerefuka zaidi ya milimita 0.13. Kwa urefu hiyo ni balaa. Kwa ubapa, kipande kilichopata joto sawasawa kila upande hukua bila kupinda. Kinachopindisha ni joto lisilo sawa: bamba lililo karibu na dirisha ambalo jua la alasiri linalipiga juu huku chini kukiwa na ubaridi hupata kivimbe katikati, na kila kitu unachokipima kinaonekana kimebonyea. Kwa hiyo kabla ya kununua kiyoyozi, hamisha bamba kutoka dirishani.

## Kioo bapa na taa ya rangi moja

Sasa tunaingia kwenye sili za pampu. Sura mbili za sili, aghalabu moja ya kaboni na nyingine ya silikoni kabaidi au seramiki, husuguana zikiwa zimetenganishwa na utando mwembamba mno wa maji. Zikipinda hata mikroni mbili pampu inavuja. Fila geji hapa ni mzaha na daya geji ni kubahatisha.

Kifaa chake ni kioo kinene cha kwatzi kilichosuguliwa hadi ubapa wa sehemu ndogo ya mikroni. Unakilaza juu ya sura ya sili, unaiwasha taa ya rangi moja, aghalabu ya heli au ya sodiamu, na mistari myeusi inajitokeza. Kati ya mstari na mstari kuna tofauti ya kina ya nusu ya urefu wa wimbi la mwanga huo, karibu mikroni 0.29. Mistari ikiwa imenyooka na imeachana sawasawa, uso ni bapa. Ikipinda, unatazama imepinda kwa kiasi gani cha nafasi kati ya mstari na mwenzake: ikipinda nafasi moja nzima, uso umekosea mikroni 0.29. Sili nyingi huruhusiwa mistari miwili au mitatu, yaani takriban mikroni 0.6 hadi 0.9.

Ni njia ya ajabu kwa bei yake. Mwanga wenyewe ndio rula, haihitaji umeme mwingi wala kompyuta, na mtu mwangalifu huielewa mapema. Lakini ina masharti. Uso lazima ung'ae kiasi cha kurudisha mwanga. Hedi iliyotoka kwenye mashine ya kuskimu, yaani kusawazisha uso wake, haitaonyesha chochote. Chembe moja ya vumbi hunyanyua kioo na kuharibu usomaji. Na kioo hakiburuzwi juu ya sili; kinawekwa na kuinuliwa, maana kikikwaruzwa uso wake umeharibu kipimo.

Karakana ya hedi haina kazi nacho.

## CMM

Mashine ya CMM (mashine ya kupima kwa viwianishi) ina mkono wenye kijipira kinachogusa uso nukta baada ya nukta, na kompyuta inajenga umbo kutokana na nukta hizo. Inapima ubapa, usambamba, matundu, kila kitu, kwa kufunga kipande mara moja. Mteja wa nje anayetaka ripoti iliyochapwa atairidhia.

Kuna mambo mawili muuzaji hatakuambia kwa hiari. Moja, ubapa unaoripotiwa unategemea idadi ya nukta. Gusa nukta tisa na kipande kitaonekana kizuri. Gusa mia nne na kilekile kitaonekana kibaya zaidi, kwa sababu sasa umefika kwenye vilima na mabonde uliyoyaruka. Nimeona ripoti za pande mbili zikipingana kuhusu kipande kimoja, na ugomvi wote ulikuwa ni nukta. Kwenye mkataba andikeni idadi na mpangilio. Pili, kanuni ya hesabu: programu nyingi hutumia wastani wa miraba midogo (least squares), ambao hauwezi kutoa ubapa mdogo kuliko ule unaopatikana kwa kutafuta bapa mbili zilizokaribiana zaidi, na hiyo ya pili ndiyo iliyo kwenye maana ya ISO. Kipande kilicho mpakani kinaweza kukataliwa kwa kanuni moja na kukubaliwa kwa nyingine.

Kuhusu kasoro, CMM ni kipofu. Kijipira cha milimita mbili hupita juu ya mkwaruzo mwembamba bila kuujua.

| Njia | Inaona hadi | Inatoa namba? | Uso mzima? | Inafaa zaidi |
|---|---|---|---|---|
| Rula na fila geji | mm 0.03–0.05 | hapana, ndiyo/hapana tu | mistari tu | hedi, bloku, flanji |
| Wino wa bluu | mikroni chache | hapana | ndiyo | kupara, vitako, meza za mashine |
| Daya geji na jeki tatu | mikroni 1–10 | ndiyo | njia ulizopitisha | vipande vya oda |
| Kioo bapa | chini ya mikroni 0.3 | ndiyo, kwa kuhesabu mistari | ndiyo | sili, nyuso zinazong'aa |
| CMM | mikroni chache | ndiyo, na ripoti | nukta ulizogusa | vipande vyenye vipimo vingi |

## Upande wa kasoro

Anza na macho, lakini uyape msaada. Taa ya dari inafuta mikwaruzo. Zima, washa tochi ya simu, ilaze karibu sambamba na uso na utazame ukiwa upande wa pili: kila mkwaruzo, kila alama ya kisu kilichotetemeka, kila kishimo kinatupa kivuli. Madoa na kutu, kinyume chake, huonekana vizuri mwanga ukitoka juu. Kwa hiyo zungusha tochi.

Ulaini wa uso nao usisahauliwe, maana unaweza kuwa bapa na bado ukavuja. Gasketi za kisasa za tabaka kadhaa za chuma zinahitaji uso laini, aghalabu Ra (wastani wa ukwaru wa uso) ya mikroni 0.8 au chini, ambapo za zamani za karatasi zilivumilia uso wenye kukwaruza. Kipima ulaini cha mkononi chenye sindano ni kifaa kidogo, na kwa anayeskimu hedi kila siku kinalipa.

Penetranti ndiyo ninayoipendekeza kwa karibu kila karakana. Makopo matatu: kisafishio, rangi nyekundu, dawa nyeupe. Wazo ni la zamani. Karakana za reli zilitumia mafuta na chokaa kwenye vyuma vya treni kabla ya makopo haya kuwepo. Unasafisha uso, unapulizia nyekundu, unaiacha inywewe, kisha unaifuta na kupulizia nyeupe. Kwenye hedi iliyopasuka kati ya vali ya kuingiza na ya kutoa, uso mweupe hutulia kwanza, halafu uzi mwekundu unachomoza polepole kutoka kwenye kiti cha vali kimoja kwenda kingine, unanenepa kadiri rangi inavyonyonywa kutoka ndani ya ufa. Uzi mwembamba unaofifia haraka ni ufa usio na kina; unaoendelea kutoka rangi ni wenye kina.

Inaharibika kwa makosa yaleyale kila mahali. Fundi anapulizia kisafishio moja kwa moja juu ya uso ili kuondoa nyekundu, na anaiosha hata ile iliyo ndani ya ufa; inatakiwa kufuta kwa kitambaa kilicholowekwa. Au kipande kimepigwa mchanga kwanza, na mchanga umesukuma chuma laini juu ya mdomo wa ufa ukaufunga. Au muda: kiwango cha ISO 3452 kinatoa kati ya dakika 5 na 60 kutegemea nyenzo, na fundi mwenye haraka anatoa mbili. Kiwango hichohicho kinataka joto la uso liwe kati ya nyuzi 10 na 50, hivyo hedi iliyoanikwa juani Dodoma ipelekwe kivulini kwanza. Na penetranti huona tu ufa uliofunguka juu. Tundu lililo chini ya ngozi ya chuma halioni kamwe.

Sumaku na unga wa chuma huenda mbele kidogo: unaona na nyufa zilizo chini tu ya uso, na ni haraka kuliko penetranti. Ila ili njia hii ifanye kazi, kipande lazima kishikwe na sumaku. Hedi ya chuma sawa, ya alumini hapana. Ufa unaolala sambamba na mwelekeo wa sumaku haujitokezi, kwa hiyo unasumakisha mara mbili kwa pande zinazokatana. Ukimaliza uondoe usumaku, hasa kwenye krenkishafti, la sivyo itakusanya vumbi la chuma kwenye mafuta ya injini.

Kupima kwa presha si ukaguzi wa uso kwa maana kali, lakini kwenye hedi ndio wenye neno la mwisho. Njia za maji zinazibwa, hewa inaingizwa, hedi inazamishwa, mapovu yanaonyesha. Maji ya moto ni bora, kwani nyufa nyingine hufunguka tu chuma kikipata joto.

Altrasauti na edi karenti nitazipitia haraka. Ya kwanza inatafuta kasoro za ndani kwenye vipande vinene na inataka mtu aliyesomea. Chuma cha kusubu chenye chembe kubwa humeza sauti yake. Ya pili, inayotumia mikondo ya umeme, inafaa metali zinazopitisha umeme na inatumika sana kwenye ndege. Karakana ya kawaida ikizihitaji, iite kampuni yenye mafundi wenye cheti, isinunue.

## Kamera na leza

Huku ndiko viwanda vikubwa vinakokwenda, na kuna sababu. Ukitoa maelfu ya vigae kwa siku, hakuna binadamu atakayevitazama vyote kwa makini hadi jioni. Leza inachora mstari juu ya kila kigae kinachopita na kamera inasoma jinsi mstari ulivyopinda. Kamera nyingine inatafuta madoa na nyufa. Kwa nyuso zinazong'aa kama rangi ya gari, mashine huonyesha picha ya milia na kuangalia inavyoakisiwa: palipobonyea milia inapinda.

Lakini hata kwenye vigae kigezo cha msingi bado ni jicho. ISO 10545-2 inaelekeza vigae vitazamwe kutoka umbali wa mita moja, kwa mwanga wa luksi 300, na kiwango cha bidhaa yenyewe, ISO 13006, kinataka angalau asilimia 95 yake visiwe na kasoro inayoonekana. Mfumo wa kamera ukiona chembe ambayo mtu hawezi kuiona kwa mita moja, utatupa vigae vizuri. Kazi kubwa ya kamera si kununua, ni kuifundisha ikatae nini na iache nini, na kulinda mwanga usibadilike. Jua likiingia kupitia paa la bati lililotoboka, mfumo mzima unachanganyikiwa.

## Nani achukue nini

Gereji na karakana ya hedi: rula nyoofu halisi, fila geji mpya, penetranti, na kipimo cha presha. Ukiongeza kipima ulaini umemshinda jirani yako. Usinunue CMM.

Karakana ya pampu: kioo bapa na taa yake, hata kabla ya daya geji. Bila hivyo unasugua sili kwa imani.

Anayetengeneza vipande kwa oda: bamba la graniti la daraja la 1, jeki tatu, geji, penetranti, na sumaku kama kazi nyingi ni chuma. CMM iingie pale wateja watatu au wanne wanapoidai kwa maandishi. Kabla ya hapo kodisha muda kwenye mashine ya mtu mwingine.

Kiwanda cha wingi: kamera, pamoja na mtu mmoja mwenye macho mazuri anayechukua sampuli nyuma yake kila zamu, kwa sababu kamera iliyochafuka lenzi haitalalamika.

Chochote utakachochukua kati ya hivi, bamba, geji na kioo vinahitaji kuhakikiwa. Maabara za vipimo za mashirika ya viwango, TBS Tanzania na KEBS Kenya, hufanya kazi hiyo na kutoa cheti. Omba cheti kinachoonyesha namba zilizopatikana na kiasi cha shaka ya kipimo, kisiwe karatasi yenye muhuri wa "kimepita" peke yake. Na ukihamisha bamba la graniti, lirudishe juu ya nukta zake tatu za kuegemea zilezile, halafu lipimwe upya kabla hujalitumia kukataa kazi ya mtu.